Trai Aliyoikataa Mwalimu wa Jiografia

Sifa zake mtazipata kwa wengine. Ukishuka Bariadi leo ukamtaja mwalimu wa jiografia, yule wa raga, utaambiwa alikuwa mtu wa watu, hakuwa mwepesi wa fimbo, na mfukoni hakukosa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akivigawa kama pipi. Ni kweli tupu. Lakini mimi nina neno langu na yeye, nimekaa nalo tangu ujana, na sitaki mtu anilainishe kabla sijalisema. Mtu yule alishikilia kwamba winga lazima awe mdogo. Alilisema hilo macho makavu, mimi nikiwa nimesimama mbele yake, mrefu, mpana, na mwenye mbio kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

Raga yenyewe alitoka nayo Nairobi, alikosoma enzi za Jumuiya ile ya kwanza. Bariadi tulikuwa na soka, ng'ombe na pamba, tukaona inatosha. Alipoanza kukimbia asubuhi na mpira wa umbo la yai kwapani, watu walidhani kaiba kitu. Yeye alisalimia tu, "Mwangaluka, mwangaluka," na kuendelea na mbio zake. Baada ya muda alikuwa na timu, wanafunzi wake wachache, wauza mitumba wa sokoni, na sisi vijana wa gineri, kiwanda cha kuchambua pamba.

Alitufundisha kwa ramani. Alichora uwanja ubaoni na kuugawa kama anagawa nchi. Katikati aliita mlimani, kwa sababu huko ndiko wanarundikana wale wanane wa skramu, vichwa chini, wakisukumana na wanane wenzao. Pembeni kabisa, karibu na mistari, aliita mbugani. Huko anakaa winga, akingoja mpira umfikie kwa mikono ya wenzake, kisha aondoke nao mpaka nyuma ya mstari wa adui augusishe chini. Hiyo ndiyo trai. Baada ya kuchora alirudi nyuma hatua kadhaa, akapangusa chaki kwenye suruali na kuuliza, "Upana wote huu umewekwa wa nini?"

Swali hilo lilikuwa wimbo wake. Aliliuliza darasani alipofundisha Serengeti. Aliliuliza hata harusini, watu walipobanana mlangoni kugombea pilau wakati upande wa pili wa turubai ulikuwa wazi. Jibu lake lilikuwa lile lile: upana umewekwa ili mtu mdogo apate pa kupita. Na kwa sababu hiyo pembeni alimweka Maduhu.

Maduhu alitoka Migato, na mwili wake ulikuwa wa mtu aliyesahauliwa kukua. Alikwenda kuomba kazi ya upakiaji gineri, wakamtwika gunia, likamzidi, wakamcheka na kumrudisha. Alikwenda kwenye usajili wa askari, akasimamishwa kwenye kipimo cha urefu, akarudishwa. Sungusungu wa kijijini kwao walimpa kazi ya kushika tochi. Mwalimu alimwona siku moja akikimbiza kuku sokoni, akamnunulia yule kuku, akamwambia aje uwanjani jioni. Tangu siku hiyo nafasi ya winga ilikuwa yake, na mtu asingeigusa.

Mimi nilikuwa mpakiaji. Serikali ilikuwa imeachia ununuzi wa pamba, wakaja wanunuzi binafsi kila mmoja na mizani yake, malori yakajaa mji, na mtu mwenye mgongo kama wangu hakukaa bure. Nilishinda chini ya magunia na marobota mpaka mwalimu akaniita Robota. Jina hilo lilinifuata kila mahali. Aliponipokea kwenye timu alinizunguka kama mtu aliye mnadani, akanipiga bega, akasema, "Mlimani. Skramu." Nikamwambia nina mbio. Akasema ameona, na mbio zangu zitafaa kufika kwenye skramu mapema.

Nilimthibitishia. Tulikimbizana kutoka mti wa goli huu mpaka ule, mimi na Maduhu, na nilimwacha. Maduhu mwenyewe aliinua mikono akacheka. Mwalimu alitazama upande wa barabarani kana kwamba kuna basi analisubiri.

"Umeona, mwalimu?"

"Nimeona. Robota linakimbia. Kesho uwahi mazoezi."

Kwa ng'ombe hakuwa hivyo, na hapo ndipo aliponichanganya. Mnadani alipenda madume makubwa, yale yenye nundu inayoyumba, na angeweza kusimama juani mchana mzima akilisifia dume moja la kutoka Bukundi ambalo hakuwa na uwezo wa kulinunua. Mkewe, ambaye sisi tulimwita mama mwalimu, alimtania mbele yetu akitugawia uji. "Huyu mzee wenu ng'ombe anataka wakubwa, watu anataka wadogo. Mimi nilipozidi unene aliniambia nihamie mlimani." Mwalimu alicheka mpaka uji ukampalia.

Na soko huria alilichukia kwa maneno makali. Alisema mwenye mizani sasa ndiye mwenye nchi, na kwamba mkulima wa Kimali ataliwa mchana kweupe. Msimu ulipofika nikamkuta wa kwanza kwenye foleni ya mnunuzi binafsi, amekalia magunia yake mwenyewe. Nikamuuliza imekuwaje. Akanijibu bila kupepesa, "Nimewalaani. Sijasema nimewasusia."

Kuhusu mpira wetu lazima nieleze, vinginevyo hamtaelewa kilichotokea. Mpira wa ngozi aliokuja nao ulichomwa na mwiba wa mgunga, na bladda yake, ile ya ndani ya kutia upepo, haikupatikana Bariadi wala Shinyanga. Mwalimu akampelekea fundi viatu wa sokoni. Fundi akaushindilia pamba, akaushona, akaupiga ngumi akaridhika. Kwetu pamba ndiyo jibu la kila kitu chenye tundu, na sisi pia tuliridhika. Mpira ule ulikuwa mzito. Ukinyeshewa ulikuwa mzito zaidi. Na ukianguka, haukudunda. Ulitua pu, ukalala hapo hapo kama mtu aliyeshiba ugali.

Tukaizoea raga ya mpira unaolala. Hatukupiga teke, maana aliyejaribu alichechemea wiki nzima. Tulipeana kwa mikono tu, mikono ikawa migumu, pasi zetu zikawa fupi na za nguvu. Mwalimu alijua kwamba mpira halisi unaruka na kudunda ovyo, lakini miaka ilipita na nadhani yeye mwenyewe alisahau kutuambia.

Kisha ikaja kampuni ya watafuta dhahabu, ikaweka kambi nje ya mji. Waliokuja ni watu wa Afrika Kusini, na mtaani wakaitwa makaburu wote bila kuulizwa. Walikuja na mashine za kutoboa ardhi, majokofu ya bia, na dishi kubwa lililotazama juu kutwa. Siku moja walipita uwanjani wakatuona tunacheza raga. Wakasimamisha gari katikati ya barabara. Hawakuamini. Jumamosi iliyofuata wakatualika kambini kwao tukaangalie mechi ya kimataifa.

Tulikaa kwenye sakafu ya kantini yao, mwalimu akapewa kiti. Zilicheza timu mbili za taifa, na upande mmoja ulikuwa na winga ambaye tulidhani amekosea nafasi. Alikuwa mkubwa kuliko watu wa skramu. Alipopewa mpira hakutafuta upenyo. Alimwendea mtu. Wa kwanza alianguka chali, wa pili akamdandia mgongoni na kusafiri naye, wakafika wote wawili nyuma ya mstari. Kantini nzima ikapiga yowe. Kisha vijana wetu, mmoja mmoja, wakageuka kunitazama mimi.

"Robota," alisema Maduhu, "huyo si wewe huyo?"

Sijawahi kufurahi vile. Nilikuwa najiona kwenye televisheni, mtu wa ukubwa wangu, pembeni, peke yake, na nyasi mbele yake. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa anatafuna tobolwa polepole.

"Hajui kugeuka," alisema.

"Ageukie nini, mwalimu, na wote wako chini?"

"Subiri mpira uangukie nyuma yake. Atageuka kama trekta na tela lake."

Njiani kurudi alifoka tangu kambini mpaka sokoni. Alisema winga wa zamani alikuwa mtu wa akili, anasubiri, anaona nafasi ya mguu mmoja anapita. Sasa hawa wamechoka kufikiri, wameona mlango mwembamba wakabomoa ukuta. "Wakiweka mmoja mkubwa, wenzao nao wataweka," alisema. "Watajaza wakubwa kila pembe. Uwanja mzima utakuwa mlima. Hapo upana wote ule utakuwa umewekwa wa nini?" Nilimwambia ndiyo mchezo unavyokwenda, dunia nzima imeona. Akasema dunia nzima imeshaona mambo mengi ya kijinga.

Wale wa kambini wakaomba mechi. Refa hakupatikana, na kwa vile mwalimu ndiye aliyezijua sheria kuliko wote, wakakubali achezeshe yeye. Walishamjua. Alikuwa mtu wa haki kiasi cha kuudhi. Mazoezini aliwahi kujipigia filimbi mwenyewe. Watu walifunga maduka wakaja uwanjani. Kina mama wa Kimali waliokuja mnadani walikaa na mabeseni yao mstarini.

Mpira ulikuwa wao, wa kisasa, wenye upepo. Hapo tuliaibika. Pasi zetu, zilizozoea uzito, ziliruka vichwa vya wenzetu zikatua kwa kina mama. Kisha wageni wakaja na mateke. Mpira uliposhuka tulikimbilia ulipoangukia, kama tulivyozoea, tukanyoosha mikono, nao ukaruka pembeni kama sungura. Watazamaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Na kwenye winga walikuwa na mtoboaji mmoja wa mashine, jitu zima, shingo na kichwa vimeungana. Walimpigia mipira ya juu upande wa Maduhu. Maduhu alikuja, akamvaa miguuni, akakanyagwa. Akainuka akamvaa tena. Jitu likapita tena.

Wakati wa mapumziko nilimfuata mwalimu. Sikuomba. Nilimwambia anihamishe.

"Mwalimu, mpe Robota," alisema Maduhu naye, akitema mchanga. "Mimi huyu mtu ananipita kama majani, ng'wanone, ndugu yangu."

Timu yote ikasema apewe Robota. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, filimbi shingoni.

"Nikimweka mkubwa mbele ya mkubwa," alisema, "nimekubali kwamba ukubwa ndio mchezo. Sikubali. Maduhu, rudi pembeni."

Kisha akamwendea nahodha wao na kumwambia kwa Kiingereza chake cha Nairobi kwamba kipindi cha pili kitachezwa na mpira wa wenyeji. Nahodha aliubonyeza ule mpira wetu wa pamba, akacheka, akawapitishia wenzake nao wacheke. Wakakubali. Walidhani ni mzaha.

Mpigaji wao wa mateke aliupiga mara moja akakaa chini kushika kidole. Hakuna mpira uliokwenda juu tena. Jitu lao lilisubiri pembeni mikono kiunoni, kama mtu aliyesahauliwa stendi. Mpira ukimfikia ulimfikia ukiwa chini, umelala, ikabidi ainame, na akiinama Maduhu alikuwa tayari kwenye vifundo vyake. Likaanguka. Uwanja ukalipuka. Mama mmoja akarusha kanga juu. Maduhu akaamka na ule mpira, akapita upande wa luseni, mchanga mchanga, akafunga trai, na mwalimu akanyoosha mkono juu kama refa anavyopaswa, uso hauna hata tabasamu. Hapo nilimheshimu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Lakini bado tulikuwa nyuma, na trai moja zaidi ingetupa mechi. Muda ulikuwa unayoyoma. Skramu ilipoachana nilifanya nililotaka kufanya tangu siku ya kwanza. Sikubaki mlimani. Nilitoka mbio nikaenda kusimama pembeni, nje kabisa ya Maduhu, nikaita. Maduhu akaniona. Hakusita hata kidogo, akanipa.

Niwaambie ilivyokuwa. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu mbele yangu wala mzigo juu yangu. Jitu lilinijia, nikamtangulizia bega moja nikapita na la pili, akabaki anakumbatia upepo. Nilisikia mji mzima unaita Robota. Nikafika nyuma ya mstari, nikaugusisha mpira katikati ya miti miwili, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Filimbi ikalia. Nikageuka kuona mkono. Mkono haukuwa juu.

"Si trai," alisema mwalimu. "Robota yuko nje ya nafasi yake."

Hakuna sheria hiyo. Nimezisoma sheria za raga tangu siku ile, za zamani na za sasa, na haimo. Mtu wa skramu anaweza kufunga popote. Nahodha wao, ambaye ingekuwa faida kwake kunyamaza, alikuja akasema ni trai halali, nzuri sana. Lile jitu lenyewe lilinipa mkono. Mwalimu akasema, "Refa ni mimi," akapiga filimbi ya mwisho. Tukafungwa. Nilivua jezi nikaitupa miguuni mwake, na sikukanyaga tena uwanja ule. Baadaye ulijengwa bohari, ukajaa magunia.

Nikapanda malori, utingo kwanza, kisha dereva, kisha mwenye gari. Kila nilipolala penye televisheni niliuliza kama kuna raga. Nilikuwa nakusanya mashahidi. Nikawaona mawinga wanakuwa wakubwa, timu baada ya timu, na hawakubaki kusubiri pembeni. Waliingia katikati kutafuta kazi, wakapigiwa mipira ya juu kwenye kona kwa sababu ya urefu wao, wakairukia. Nikaona ulinzi unavyobadilika kwa ajili yao, watu wawili wanatumwa kumkaba mmoja, na nafasi inafunguka kwingine. Nikaona wengine wakiruka mwili mzima nje ya mstari, hewani, na mkono mmoja tu unaogusisha mpira ndani. Kila mmoja wao alinitetea mimi. Niliwahi kusimama kwenye baa ya Nairobi nikapiga meza na kusema, "Yuko nje ya nafasi yake huyo?" Watu wakaniona mlevi.

Nilimkuta mwalimu tena mwaka ambao Bariadi ilikuwa imeshakuwa makao makuu ya mkoa, barabara za lami, hoteli zenye vioo. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Niliingia hotelini kula, nikaona kofia naijua, fimbo imeegemezwa mezani, soda moja, na macho kwenye skrini. Ilikuwa raga, timu za taifa. Nikavuta kiti.

"Mwadila, mwalimu."

"Mwadila." Alinitazama kidogo. "Robota. Umeota kitambi." Akatoa tobolwa mfukoni akanipa, kana kwamba tuliachana jana.

Kwenye skrini kulikuwa na winga mkubwa kama nyumba. Nikanyoosha kidole. "Huyo vipi?"

"Hajui kugeuka."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia yote, mbele ya watu waliokuwa wanakula. Nikamwambia alinidhulumu, kwamba alikuwa refa wa haki maisha yake yote na akatunga sheria siku moja tu, juu yangu mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Ni kweli niliitunga," alisema. "Na ningeitunga tena. Kila mtu alikuwa ameshaona ile televisheni. Ningekuhesabia ile, kesho yake Maduhu asingepewa jezi na mtu yeyote, hata nilie. Wewe mkubwa ulitakiwa gineri, ulitakiwa jeshini, ulitakiwa na kila mnunuzi aliyekuja na lori lake. Yule alikuwa na pembeni tu. Leo ni mwenyekiti wa kijiji, Migato. Alianza kunyanyua kichwa pale."

"Nilitakiwa kubeba," nikamwambia. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Kila mahali nilipotakiwa, mwalimu, nilitakiwa kubeba. Hata wewe uliniita Robota. Pembeni ndipo mahali pekee nilipotaka kwenda bila mzigo. Nilikwenda mara moja. Ukanirudisha."

 Mechi iliendelea, watu wakashangilia kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekiona.  Kisha mwalimu akaishika fimbo, akajiinua kwa taabu mpaka akasimama wima katikati ya meza za watu, na akanyoosha mkono juu, umenyooka, kiganja wazi.

Msichana wa hoteli akaja mbio. "Shikamoo babu. Nikuletee nini?"

"Marahaba. Sitaki kitu, mwanangu," alisema, mkono ukiwa bado juu. "Huyu amefunga trai."

Nilishindwa kumtazama. Nikasimama nikaushika mkono ule, tukauteremsha pamoja.

"Lakini winga," akasema akikaa, akitafuta soda yake kwa kidole, "ni Maduhu."